Njumu za Mbagala, Njia ya Lubumbashi

Hapa Mbagala hadithi ya Mbwana Ally Samatta husimuliwa kuanzia mwisho. Kijana anayeniletea njumu nimshonee ataanza na Aston Villa, atataja Wembley, atataja Manchester City, kisha atanyamaza kwa kuwa hana zaidi. Mimi ni fundi viatu, banda langu liko kando ya barabara ya Kilwa, na njumu ndizo zilizowasomesha watoto wangu. Nimeisikia simulizi hiyo mara nyingi nikiwa nimeinamia shazia, na kila ninapoisikia naona imekatwa shina yakabakizwa matawi. Samatta alicheza mechi 14 za Ligi Kuu ya Uingereza. Lubumbashi alikaa miaka minne na nusu. Genk, huko Ubelgiji, alikaa mingine minne. Anayetaka kujua kijana wa Temeke alifikaje Ulaya hana budi apite Kongo, na kabla ya Kongo apite kwetu, kwenye mchanga.

Nilizaliwa nyuma ya soko la Tandika, wakati mpira ulikuwa mlango wa kupatia kazi, haujawa kazi wenyewe. Mchezaji hodari alitafutwa na shirika. Bandari walikuwa na timu, kiwanda cha sigara kilikuwa na timu, Morogoro kulikuwa na Reli, Mwanza kulikuwa na Pamba. Ukisajiliwa unaajiriwa: karani, mlinzi wa ghala, fundi msaidizi. Asubuhi unasaini kitabu cha mahudhurio, alasiri unaruhusiwa kwenda mazoezini. Siidharau njia ile hata kidogo. Wapo wazee wa Temeke waliojenga nyumba kwa mshahara huo, na wakastaafu na pensheni ambayo wachezaji wengi wa leo hawaioti. Lakini mshahara ulilipwa kwa ajili ya ukarani. Mguu wenyewe haukuwa na bei, na kitu kisicho na bei hakiuziki nje.

Walioondoka waliondoka mmoja mmoja. Sunday Manara, aliyeitwa Kompyuta, alikwenda Heracles ya Uholanzi mwishoni mwa miaka ya 1970, na wazee wa Kariakoo bado wanalitaja jina hilo kwa sauti ya chini, ya heshima. Miaka mingi baadaye Renatus Njohole akaenda Uswisi, Nizar Khalfan akaenda Canada na Marekani. Kila mmoja alijipasulia kichaka chake, na kichaka kikajifunga nyuma yake.

Sisi tuliobaki tulikuwa na Shamba la Bibi. Ndilo jina la mtaani la Uwanja wa Uhuru, uleule ambako bendera ya Tanganyika ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na uko Temeke, jambo ambalo watu wa Kinondoni hupenda kulisahau. Nilikuwa ndani mwaka 1993 Simba ilipofungwa 2-0 na Stella ya Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF. Tulikuwa tumetoka sare kwao, tukaamini kombe limeshafika. Watu walitoka uwanjani wakiwa wamevua viatu na kuvishika mkononi, kama watu waliotoka kuzika njia ya matope. Nilikuwa kijana, na jioni ile nilijiuliza swali ambalo halijaniacha: kwa nini wale wenzetu wanajua kumaliza mechi?

Jibu langu la kwanza lilikuwa la kifundi. Kabla ya katikati ya miaka ya 1980, njumu Temeke zilikuwa mali ya timu. Zilikaa ndani ya gunia, zikatolewa siku ya mechi, na ukubwa ulikuwa ule uliopo. Kikiwa kikubwa unajaza karatasi mbele ya vidole. Biashara ya nje ilipolegezwa marobota ya mitumba yakaanza kuingia, na ndani ya robota la viatu hukosi pea mbili tatu za njumu. Hapo ndipo nilipojifunza ufundi. Njumu za Ulaya zimetengenezwa kwa ajili ya majani na udongo laini, na Mbagala ni mchanga juu, udongo mgumu chini. Mchanga unaingia kati ya soli na ngozi, gundi inaanza kuachia kwenye kidole gumba, na haupiti muda kiatu kinafunguka mbele. Gundi peke yake haifui dafu. Lazima nishone kuzunguka soli yote kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, tundu baada ya tundu, nisikaribie sana ukingo maana plastiki itachanika. Meno nayo hayaishi sawasawa. Winga anayekata kuingia ndani anamaliza ya upande mmoja, beki anayerudi kinyumenyume anamaliza ya kisigino. Nipe njumu iliyochakaa, nitakwambia mwenyewe anacheza namba ngapi.

Mbagala ilikuwa bado na nafasi siku zile. Wazee waliikuta ikiwa mikorosho na minazi. Kikaja kiwanda cha nguo cha KTM, zikaja daladala za Rangi Tatu, wakaja watu wa Mtwara, Lindi na Rufiji wakishuka palepale basi lilipowashusha. Samatta alizaliwa Desemba 1992, Mbagala ikiwa inajaa lakini haijajaa. Kati ya mtaa na mtaa palibaki uwanda ambao haukuwa wa mtu, na watoto walicheza chandimu hapo mpaka adhana ya magharibi. Kiwanja cha mchanga kinamchosha mshambuliaji mara mbili: mpira hautelezi, unadunda unakotaka, na mguu unazama unapotaka kuruka. Aliyezoea kuruka kutoka kwenye mchanga, akipewa majani huruka juu ya mabeki. Nimelitazama bao lake la kichwa pale Wembley zaidi ya mara moja, na mimi naamini kuruka kule ni kwa mchanga.

Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya kambi ya jeshi hapa Mbagala yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zikabomoka, na barabara ya Kilwa ikajaa watu waliobeba watoto mgongoni wakielekea mjini kwa miguu. Nalitaja jambo hili kwa sababu waandishi wa nje wakiiandika Mbagala ya Samatta huandika umaskini tu, kana kwamba sisi hatuna tarehe zetu. Kijana aliyekuwa na miaka 16 mwaka ule alikuwa na mambo ya kukumbuka zaidi ya kukosa viatu.

Mtaa ulikuwa na timu, Mbagala Market. Ilinunuliwa na Mohammed Dewji, ikabadilishwa jina ikawa African Lyon, na humo ndimo Samatta alimoanza kucheza mpira wa ligi kuanzia mwaka 2008. Mwaka 2010 Simba wakamchukua. Alikaa nao Msimbazi msimu mmoja, na ubingwa wa msimu huo, 2010/11, ukaenda Jangwani kwa Yanga. Msomaji alishike hilo, nitalirudia.

Kilichobadili maisha yake kilitokea katika mechi ambazo Simba ilifungwa. Machi 2011 Simba ilipangiwa TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe walikuwa mabingwa wa bara mara mbili mfululizo, 2009 na 2010, na Desemba iliyotangulia walikuwa wametoka kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu na Inter Milan. Kwao Simba ikafungwa 3-1. Kwetu ikafungwa 3-2. Nilikuwa nimekata tiketi ya mzunguko katika uwanja mpya, huu tunaouita Kwa Mkapa, na nilirudi nyumbani nikiwa nimeumia lakini sijaaibika, kwa sababu vijana wetu walicheza. Baadaye Simba ikakata rufaa kuhusu uhalali wa Janvier Bokungu, CAF ikaiondoa Mazembe mashindanoni, na Simba ikapewa mechi moja ya kuwania nafasi dhidi ya Wydad Casablanca, iliyochezwa Cairo. Wydad wakashinda 3-0. Kwa hiyo sisi tulishinda kesi mezani, na Mazembe wakaondoka na mchezaji. Nikipima leo, naona nani alipata zaidi.

Aliyemtaka Samatta alikuwa Moïse Katumbi, mwenye Mazembe, na wakati ule gavana wa Katanga. Ndugu na marafiki wangu walimcheka Samatta. Walisema mtu anatoka Simba anakwenda Kongo kufanya nini, wakati Wakongo wenyewe wanakuja kucheza kwetu? Hawakujua Lubumbashi ni nini. Ni jiji la shaba, lililojengwa na migodi, lenye fedha na lenye Kiswahili chake, na kijana wa Mbagala angeweza kushuka sokoni akanunua samaki bila mkalimani. Klabu ilikuwa imefungua uwanja wake Kamalondo mwaka huohuo wa 2011. Mchezaji alilipwa kwa ajili ya mpira, alilala kambini kwa ajili ya mpira, na alipikiwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kumlisha mchezaji. Jambo hilo kwetu lilikuwa geni. Golini alisimama Robert Kidiaba, yule aliyekuwa akishangilia kwa kuruka akiwa amekaa kitako. Pembeni alikuwa Rainford Kalaba wa Zambia. Na kutoka nyumbani alikuwapo Thomas Ulimwengu, kwa hiyo Watanzania walikuwa wawili wakishirikiana upweke.

Miaka ile ya Lubumbashi hatukuiona. Ligi ya Kongo haikuonyeshwa kwenye vibanda umiza vya Mbagala, na gazeti lilikuwa na mistari miwili: Samatta afunga, Mazembe yashinda. Mazembe walichukua ubingwa wa Kongo karibu kila msimu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ningependa vijana waijue kwa undani, kwa sababu ndiyo iliyomtengeneza. Alicheza ugenini Afrika Kaskazini, mbele ya watu wanaokurushia fataki, dhidi ya mabeki watu wazima wanaojua kukukanyaga mwamuzi akigeuka. Aliyekomaa huko, Genk haimtishi.

Mwaka 2015 ukaja. Mazembe, chini ya kocha Mfaransa Patrice Carteron, wakafika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na USM Alger. Tarehe 31 Oktoba wakashinda 2-1 Algiers, na tarehe 8 Novemba wakashinda 2-0 Lubumbashi. Samatta alifunga kwa penalti katika mechi hiyo ya pili na akamaliza miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano, kwa mabao 7. Siku sita baada ya kuvishwa medali alikuwa Dar es Salaam na Taifa Stars, tarehe 14 tukatoka 2-2 na Algeria, bao moja la Elias Maguri na jingine la kwake. Tukashangilia. Tarehe 17 tukaenda Blida kwa mechi ya marudiano, tukafungwa 7-0.

Siku 9 zilitenganisha kombe la Afrika na yale mabao saba ya Blida. Nilizitafakari sana siku hizo. Mtu alikuwa ameshafika, nchi yake ilikuwa haijaondoka kituoni. Huwezi kuwa na mchezaji mmoja aliyefunzwa kumaliza mechi ukamzungushia kumi ambao hawajapata mafunzo hayo. Nilidhani Blida ingemvunja. Lakini tarehe 7 Januari 2016, huko Abuja, CAF ilimtangaza mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, wa kwanza kutoka Afrika Mashariki. Kidiaba, kipa wake, alikuwa mmoja wa aliowashinda. Mwezi huohuo Genk wakamsajili, na Charles Mkwasa akamvika utepe wa unahodha wa Taifa Stars.

Genk nayo ni mji wa migodi, wa makaa ya mawe. Migodi ilipofungwa, klabu mbili za wachimbaji, Winterslag na Waterschei, zikaunganishwa mwaka 1988 zikawa klabu moja. Na huko alikuwa ameshatangulia mtu wa Afrika Mashariki. Mike Okoth Origi, Mkenya, alichukua na Genk ubingwa wa Ubelgiji mwaka 1999 na 2002, na mwanawe Divock akafunzwa mpira katika shule ya klabu hiyo kabla ya kufika Liverpool. Watu wa Genk walipomwona mshambuliaji mrefu mwembamba kutoka upande wetu hawakuanza kuuliza Tanzania iko wapi.

Ubingwa wa msimu wa 2018/19 ulikuwa wa Samatta kuliko mtu mwingine yeyote, ndivyo ninavyouona. Agosti 2018 alifunga mabao matatu dhidi ya Brøndby ya Denmark katika ushindi wa 5-2. Kwenye ligi alifunga 23. Akapewa Kiatu cha Mpingo, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji. Katikati ya msimu huo, tarehe 24 Machi 2019, Taifa Stars wakaifunga Uganda 3-0 Kwa Mkapa na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39, tangu Lagos 1980. Mabao yalikuwa ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris. Nahodha hakufunga, na nilifurahi kwamba hakufunga. Ilikuwa mara ya kwanza nione wengine wakimbeba. Kwenye fainali hizo, kule Misri, tulipoteza mechi zote tatu. Yeye alifunga dhidi ya Kenya, tukafungwa 3-2, na katika kibanda tulichokuwamo hakuna aliyeondoka kabla ya filimbi.

Septemba 2019 akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Genk walifungwa 6-2 na Salzburg, naye akafunga. Tarehe 5 Novemba akafunga Anfield, kichwa kwa kona, Liverpool wakashinda 2-1. Januari 2020 Villa wakamnunua baada ya mshambuliaji wao Wesley kuumia. Tarehe 1 Februari alifunga dhidi ya Bournemouth, Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, na tarehe 1 Machi akafunga katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley, Villa wakilala 2-1 mbele ya Manchester City. Kisha korona ikafunga viwanja. Mpira uliporudi, Villa walikuwa wanapigania kutoshuka daraja, hawakuwa na subira na mtu, na Septemba akaenda Fenerbahçe kwa mkopo. Hiyo ndiyo Villa yote.

Anayeniletea njumu huishia hapo na huwa amehuzunika. Anasema Samatta alifeli. Mimi huweka shazia chini nikamwambia akae. Baada ya Fenerbahçe alikwenda Antwerp kwa mkopo, akarudi Genk kwa mkopo. Tarehe 4 Juni 2023, siku ya mwisho ya msimu, Genk walikuwa nyumbani wakiongoza 2-1 dhidi ya Antwerp hiyohiyo, na ubingwa ukiwa dakika chache mbele yao. Toby Alderweireld akapiga shuti la mbali dakika za nyongeza, likaingia, Antwerp wakawa mabingwa. Samatta alikuwa ameikosa Antwerp kwa mwaka mmoja na Genk kwa dakika moja. Mtu wa miaka 30 angeweza kusema basi, narudi Dar nikale. Alikwenda Thessaloniki, PAOK.

Viwanja vyetu vimepungua tangu alipoondoka. Pale palipokuwa uwanda pana nyumba, na kwenye nyumba pana fremu za maduka. Zakhem ipo, Mwembeyanga ipo. Chamazi kuna uwanja wa Azam na vijana wanaofunzwa kwa utaratibu, na Novatus Miroshi aliyepitia Azam amefika Shakhtar Donetsk na Göztepe. Kinondoni manispaa ina timu yake, KMC, iliyopanda mpaka Ligi Kuu. Sisemi hakuna kinachofanyika. Nasema mtoto wa Kibondemaji asiye na nauli ya Chamazi anahitaji kiwanja anachoweza kukifikia kwa miguu akitoka shule, na kiwanja hicho hakijengwi na mwekezaji, kinalindwa na serikali ya mtaa isiyokubali kukigawa viwanja vya nyumba. Nimelisema hili katika mikutano ya mtaa na nitaendelea kulisema. Na wapo madalali wanaopita humu wakiwaambia wazazi watoe fedha kijana apelekwe Ulaya kufanyiwa majaribio. Mzazi anauza bati. Hao nawaambia wazazi wawaulize swali moja: kwa nini Samatta, aliyekuwa bora kuliko wote, alipitia Lubumbashi, na mwanangu unampeleka moja kwa moja?

Tarehe 19 Mei 2024 PAOK waliifunga Aris 2-1 nyumbani kwa Aris na kuchukua ubingwa wa Ugiriki. Siku ileile Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa inamalizika, City na Arsenal wakigombea kombe, na vibanda umiza vyote vya Mbagala vilijaa mpaka nje. Nilipita vitatu nikiuliza kama kuna anayeonyesha Ugiriki. Hakuna aliyekuwa nayo, na wawili waliniuliza Ugiriki kuna nani. Niliwajibu mtoto wa hapahapa, aliyekosa ubingwa wa Tanzania akiwa Simba, amekuwa bingwa wa Kongo, wa Ubelgiji, na leo hii wa Ugiriki. Kijana mmoja akatoa simu akatafuta matokeo, akawasomea wenzake.